Namna ya kupakia skrepa: nani anasukuma, nani anavuta, na lini uinue bakuli

Opereta mgeni wa skrepa utamjua mapema: hainui bakuli mpaka udongo uanze kumwagika kando. Anataka saiti nzima ione mlima alioubeba. Mzoefu huinua mapema, anaondoka na bakuli ambalo kwa mbali utadhani amepunja, na jioni hesabu ikipigwa yeye ndiye aliyehamisha udongo mwingi zaidi. Hapa naeleza njia za kupakia skrepa, namna ya kuchagua inayokufaa, na kwa nini zile sekunde kumi na tano za mwisho ni ghali kuliko zote zilizotangulia.

Kwa asiyeizoea mashine yenyewe: skrepa ni bakuli kubwa la chuma lililokaa kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Mdomoni mwa sakafu ya bakuli kuna kisu. Bakuli likishushwa huku mashine ikisogea, kisu kinakwangua ardhi kama randa inavyokwangua ubao, na udongo unapanda ndani. Mbele kuna mlango unaoinuka na kushuka kuzuia udongo usitoke. Nyuma kuna ukuta unaosogezwa mbele kusukuma udongo nje wakati wa kumwaga. Kukata, kubeba, kumwaga na kutandaza, yote kwa mashine moja.

Wazo lenyewe ni la zamani. James Porteous alipewa hataza ya skrepa yake ya kukokotwa na farasi huko Fresno, California, mwaka 1883. Tangu hapo farasi wameondoka, injini zimekuja, lakini tatizo limebaki pale pale: nguvu inayohitajika kuingiza udongo ndani ya bakuli ni kubwa kuliko ile ya kuubeba ukishaingia. Skrepa ya matairi imeundwa ikimbie barabarani. Ukiiambia ijichimbie peke yake kwenye ardhi ngumu, matairi yatazunguka palepale na kujikata. Kwa hiyo nguvu ya kupakia lazima iazimwe mahali fulani: kwa buldoza, kwa skrepa mwenzake, kwa mnyororo wa elevata (ngazi ya vyuma inayokomba udongo na kuuingiza ndani), au kwa mteremko wa ardhi.

Hatua ya 1: Jua mashine yako na udongo wako

Skrepa ya kawaida yenye injini moja mbele inahitaji kusukumwa. Usijaribu kuokoa mafuta ya buldoza kwa kuiacha ihangaike. Utakacholipa kwenye matairi ni kikubwa zaidi. Skrepa ya injini mbili, moja mbele na nyingine nyuma, inavuta kwa magurudumu yote na inapanda vilima vizuri, ila nayo ikipakia peke yake hujaa taratibu. Dawa yake nitaieleza baadaye. Skrepa ya elevata hujipakia bila msaada wa mtu. Ipo pia ya parafujo, yaani skrubu kubwa inayopandisha udongo, na ipo inayokokotwa na trekta.

Udongo nao una maneno yake. Udongo tifutifu wenye mfinyanzi kidogo, ukiwa na unyevu wa kiasi, ndio skrepa inaoupenda: unapanda kwa kujikunja na kukaa. Mchanga mkavu unateleza mbele ya kisu badala ya kupanda. Mfinyanzi uliolowa unaingia vizuri lakini unagoma kutoka. Mwamba uliovunjwa vipande vikubwa si kazi ya skrepa; tafuta ekskaveta na malori.

Kumbuka pia kwamba udongo ukikatwa unavimba. Mchanga huvimba kama asilimia 10 hadi 15, udongo wa kawaida karibu asilimia 25, mfinyanzi asilimia 30 na zaidi. Bakuli lililojaa mita za ujazo 15 za udongo wa kawaida uliovimba limetoa mita 12 tu ardhini. Atakayekulipa kwa kupima shimo hataki kujua bakuli lilionekanaje.

Hatua ya 2: Andaa mahali pa kukata

Saiti nyingi hukosea hapa, kisha lawama anabebeshwa opereta.

Ondoa kwanza visiki, mizizi na majani. Halafu tazama ardhi inainamia wapi, upange skrepa zipakie zikishuka. Si suala la urahisi tu, hesabu iko wazi: kila asilimia 1 ya mteremko inakupa msukumo wa takriban kilo 10 kwa kila tani ya uzito wa mashine na mzigo wake. Skrepa ikifikia tani 60 kwenye mteremko wa asilimia 10, umepata tani 6 za msukumo bila kuchoma tone la dizeli. Na uzuri wake ni kwamba msaada huu unakua mzigo unapokua, yaani unafika wakati ule ule udongo wa ndani unapoanza kuukataa ule unaotaka kuingia. Kama ardhi ni tambarare, mizunguko ya kwanza ya siku itumie kutengeneza mteremko. Hutajuta.

Ardhi ikiwa ngumu, pasua kwanza kwa ripa, yale meno ya chuma yanayofungwa nyuma ya buldoza. Meno ya ripa yaingie chini kidogo kuliko kina utakachokata, ili chini ya matairi na minyororo ibaki tabaka iliyolegea. Mashine zinashika vizuri zaidi na haziliki haraka. Lakini usipasue eneo kubwa mno kabla ya wakati. Udongo uliolegezwa asubuhi ukakaa mpaka mchana kwenye mvua unageuka tope, na kwenye jua kali unageuka vumbi.

Ukiwa mkavu sana, mwagia maji, ikiwezekana jioni ya siku iliyotangulia ili yapate muda wa kuzama. Boza la maji likipita mbele ya skrepa dakika tano kabla ya kukata, unachopata ni utelezi juu na ukavu chini.

Mwisho, gawa eneo katika njia zilizonyooka. Skrepa haipakiwi ikiwa imekunja kona.

Hatua ya 3: Ingia, kata, toka

Mfuatano huu unafaa kwa skrepa inayosukumwa na buldoza, na ukiuelewa, njia nyingine zote utazielewa.

Unapokaribia, punguza mwendo, shusha gia mpaka ya kwanza au ya pili, hakikisha ukuta wa kumwagia umerudi nyuma kabisa, na fungua mlango wa mbele kiasi. Kiasi gani? Mfinyanzi unaojikunja kwa mabonge unataka mlango wazi zaidi. Mchanga unataka uwazi mdogo, la sivyo utakuwa unausukuma mbele kama wimbi.

Buldoza isubiri pembeni mwa njia, imekaa mshazari wa nyuzi 45 hivi. Skrepa ikipita, buldoza inageuka na kuingia nyuma yake bila kupoteza muda. Opereta wa skrepa anashusha bakuli huku bado anatembea. Buldoza inagusa bamba la kusukumia lililo nyuma ya skrepa, katikati kabisa, inagusa kwa upole halafu ndipo inaongeza moto. Nimewahi kusimama mita chache nikaona buldoza ikigonga badala ya kugusa: kichwa cha opereta wa skrepa kilirudi nyuma, na kona ya blade, lile bamba la mbele ya buldoza, ikachana ubavu wa tairi la nyuma kuanzia juu hadi chini. Mlio wake niliuhisi kifuani kabla ya kuusikia. Kama saiti yako inasukuma skrepa kila siku, buldoza ifungwe blade fupi ya kusukumia yenye mpira au springi za kupunguza kishindo, na blade pana ibaki kwa kazi za kutandaza.

Mkishagusana, kazi ya skrepa ni mambo mawili: kwenda kwa kunyooka na kushika kina kimoja. Kina cha sentimita 10 hadi 20 kwa kawaida kinatosha. Opereta anayezamisha kisu sana mwanzoni, injini ikilemewa akainua, kisha akazamisha tena, anaacha nyuma yake mawimbi. Skrepa inayofuata itaruka juu ya mawimbi yale na kupakia vibaya zaidi, na ya tatu vibaya kuliko ya pili. Mpaka saa nne asubuhi eneo zima limekuwa kama bahari.

Matairi yakianza kuteleza, punguza moto au inua kisu sentimita chache. Usikanyage mafuta ukitumaini yatashika.

Mchanga ndio unaoruhusu kuvunja sheria ya kina kimoja. Bakuli likikaribia nusu, shusha na inua kisu kwa haraka mara kadhaa, kama mtu anayepampu. Kila ukishusha, fungu la mchanga linasukumwa juu ya lile lililotangulia. Kwenye mfinyanzi usifanye hivyo.

Wakati wa kuondoka, funga mlango huku ukiinua bakuli taratibu, ili usiache kilima mwishoni mwa njia. Buldoza isiachie ghafla; iendelee kusukuma kidogo mpaka skrepa ipate mwendo wake. Msukumo huo wa mwisho huchukua muda mfupi sana na humwokoa opereta wa skrepa asihangaike na gia akiwa na mzigo. Njiani, bakuli libebwe chini, juu ya ardhi kiasi cha kutogusa tu, maana mzigo ukiwa juu mashine inapinduka kirahisi.

Buldoza irudi nyuma, ifuate, au iende na kurudi?

Ipo mipango mitatu ya kusukuma, na umbo la shimo ndilo linalochagua.

Kwenye eneo fupi, buldoza inasukuma skrepa ya kwanza, inarudi kinyumenyume hadi mwanzo, inasukuma ya pili. Ndio mpango unaotumika zaidi kwa sababu hauhitaji akili nyingi, na udhaifu wake ni safari ile ya kurudi bila kazi.

Eneo likiwa refu, tumia mpango wa mnyororo. Buldoza inasukuma ya kwanza, ikimaliza inakuta skrepa ya pili imejipanga mbele kidogo kwenye njia ya pembeni, inaisukuma kuelekea kule kule, halafu ya tatu. Mwisho wa eneo ndipo inageuka na kurudi mara moja.

Mpango wa tatu unafaa pale udongo unapokwenda pande mbili, kwa mfano kilima cha barabara kinachojaza mabonde ya pande zote. Buldoza inasukuma moja kuelekea upande huu, inageuka, inasukuma nyingine kuelekea upande wa pili. Hapa hakuna safari ya bure, lakini mteremko utakusaidia upande mmoja tu, isipokuwa umeanzia kileleni.

Mpango wowote utakaochagua, kata njia mbili za sambamba ukiacha katikati yake ukuta wa udongo wa mita 1.2 hadi 1.5. Kisha pita mara ya tatu ukiuchukua ukuta huo, kila upande wa matairi ukipita kwenye njia iliyokwisha kukatwa. Pembeni mwa kisu hakuna udongo wa kuchana, kwa hiyo bakuli hujaa upesi. Ajabu ni jinsi watu wengi wanavyolijua jambo hili na wasilifanye.

Bila buldoza

Skrepa mbili za injini mbilimbili zinaweza kusaidiana. Zinahitaji ndoano nyuma, kitanzi cha chuma mbele, na bamba la kusukumia. Ya mbele inashusha bakuli kwanza. Ya nyuma inaigusa, inateremsha kitanzi kwenye ndoano, inasukuma. Ya mbele ikijaa, inainua bakuli lakini haiondoki: sasa ni zamu yake kuvuta, na ya nyuma inashusha kisu. Injini nne zinajaza bakuli moja kwa wakati. Ya pili ikijaa, kitanzi kinainuliwa na kila mmoja anakwenda. Njia hii haina buldoza ya kusubiri wala ya kusubiriwa. Ila mmoja akiharibikiwa, mwenzake naye amelala, na maopereta wawili wasioelewana watakuvunjia vyuma vya bei mbaya. Wapange wanaozungumza.

Elevata ni ngazi ya vyuma inayozunguka mbele ya bakuli, ikikomba udongo unaokatwa na kisu na kuutupa ndani. Mashine inajipakia peke yake, hukata tabaka nyembamba kwa usafi, na huuvunja udongo ukaingia umechanganyika vizuri. Kwa safari fupi na kazi za kumalizia usawa, siitafutii mpinzani. Lakini inabeba uzito wa elevata kwenda na kurudi, na jiwe moja au kisiki kikikwama kati ya vyuma vile, siku yako imekwisha. Opereta wake akate kwa kina kidogo na mwendo usiobadilika, kasi ya elevata ilingane na udongo unaoingia. Ukiona mabonge yanarushwa juu ya bakuli, elevata inazunguka haraka mno.

Parafujo husimama wima katikati ya bakuli, ikipandisha udongo kutoka kwenye kisu na kuumwaga juu. Inavumilia udongo wa aina nyingi zaidi kuliko elevata.

Skrepa za kukokotwa hufungwa nyuma ya trekta, mara nyingi mbili kwa mfuatano. Jaza ya mbele kwanza, halafu ya nyuma, usijaribu zote kwa pamoja.

Pahali ambapo skrepa haiwezi kukata kabisa, kwa mfano kwenye tope, wapo wanaoipakia kwa ekskaveta kutoka juu. Inawezekana. Lakini skrepa ikigeuzwa lori, ni lori la bei ghali lenye mdomo mbaya. Ifanye siku moja ya dharura, si mwezi mzima.

Lini uinue bakuli

Chukua simu yenye stopuwachi, simama mahali salama, pima. Sekunde za mwanzo udongo unaingia kwa kasi kwa sababu bakuli ni tupu. Kadiri linavyojaa, udongo mpya lazima uusukume juu ule wa zamani, na kasi inashuka. Tuseme skrepa yako inapata hivi: sekunde 30, mita za ujazo 11; sekunde 45, mita 13.5; sekunde 60, mita 14.5; sekunde 75, mita 15. Sekunde 15 za kutoka 30 hadi 45 zilileta mita 2.5. Sekunde 15 za mwisho zimeleta nusu mita.

Kama safari yote, kubeba, kumwaga na kurudi, inachukua dakika 3, skrepa inayopakia kwa sekunde 45 itahamisha mita 216 kwa saa. Ya sekunde 60 itahamisha karibu 217, yaani sawa tu. Ya sekunde 75 itashuka hadi 212. Safari ikiwa ya dakika 8, mambo yanageuka: sekunde 75 zinakupa kidogo zaidi kuliko 60, kwa sababu ukienda mbali ni heri uende umejaza. Kwa hiyo jibu la "nijaze kiasi gani" linabadilika kila mahali pa kumwaga panaposogea.

Hesabu hiyo bado haijamgusa buldoza, na yeye ndiye anayeumia. Kanuni inayotumiwa kwa mpango wa kurudi kinyumenyume: mzunguko wa buldoza ni muda wa kupakia mara 1.4, jumlisha dakika 0.25. Ukipakia kwa sekunde 45, ni dakika 1.3. Ukipakia kwa sekunde 75, ni dakika 2 kamili.

Sasa weka skrepa tatu kwenye ile safari ya dakika 3. Kwa sekunde 45, buldoza inasukuma kwa saa mizigo 46 ya mita 13.5, jumla kama mita 620. Kwa sekunde 75, inasukuma mizigo 30 ya mita 15, jumla 450, na skrepa zinapanga foleni. Mashine zile zile, watu wale wale, mafuta yale yale, na kila bakuli linaloondoka linapendeza.

Ngapi kwa buldoza moja

Gawa mzunguko wa skrepa kwa mzunguko wa buldoza. Dakika 3.75 (safari ya dakika 3 na sekunde 45 za kupakia) kwa 1.3 ni 2.9, yaani skrepa tatu zitasubiri kidogo sana. Ikitoka 3.4, chagua mwenyewe: tatu, buldoza ipumzike na kutumia mapengo hayo kusawazisha njia, au nne, skrepa zisubiri. Mimi nachukua tatu karibu kila mara. Buldoza yenye nafasi inapasua ardhi, inafuta mawimbi, inatunza mteremko. Skrepa inayosubiri inachoma dizeli tu. Na usishangae idadi ikibadilika katikati ya wiki: njia ikirefuka au ikilowa, pima upya.

Mwisho wa zamu

Sawazisha eneo la kukata likiwa na mwinamo wa kutoa maji, usiache beseni. Skrepa iegeshwe bakuli likiwa limekaa ardhini na mlango umefungwa. Anayebadilisha kisu au kuingia chini ya mlango kwa sababu yoyote aweke kwanza pini za kuzuia na magogo chini ya bakuli, injini imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwake. Haidroliki ikilegea, bakuli halisubiri mtu ajitoe. Kisha akague kisu: vipande vya katikati huliwa kabla ya vya pembeni, na vinageuzwa vikingali na chuma, kabla sakafu yenyewe haijaanza kukwangua.